Manjano ya Kifagio cha Mama

Mgeni njoo, mwenyeji akauke. Hivyo ndivyo methali ile inavyopaswa kusemwa hapa Kwasunga, na anayebisha aje na koleo, tufukue pamoja aone.

Nilirudi kutoka chuoni siku ya Alhamisi, stashahada yangu ya elimu ya mimea ikiwa chini ya sanduku la bati, juu yake nguo na samli ya zawadi. Kesho yake jua halijachomoza vizuri, Mama Mkubwa Tunu akanitupia kikapu cha ukindu kitandani.

"Amka. Ijumaa haimsubiri mtu na makaratasi yake."

Ijumaa kwetu ni siku ya kuchuma manjano. Watu hushuka kwenye matuta ya mawe yaliyo chini ya jabali, wanawake na kanga za sanduku, wanaume na kofia zao, kila ukoo ukienda kwa walazwa wake, watu wake waliolazwa udongoni. Mlazwa mwenyewe humwoni. Yuko chini, kwenye mwanandani. Wenzangu hawapendi nikilitumia neno hilo kwa sababu ni neno la kaburi. Wao husema "chumba". Mimi husema mwanandani, kwa sababu nimeona umbo lake na Kiswahili kina neno lake.

Unachokiona ni kifagio kilichoota juu yake, kwenye ufa wa jiwe. Ni kichaka cha vijiti vya kijani visivyo na jani hata moja. Kila kijiti kimegawanyika viwili, kila tagaa limegawanyika viwili tena, mpaka ukikitazama unaona ufagio wa chelewa uliosimamishwa kichwa chini. Kikiwa kijani, mtu wako yu hai. Kikinyauka, leta sanda.

Na mara kwa mara vijiti hivyo hutoa vifuko vidogo vya manjano, kila kimoja kina vyumba vitatu, si kikubwa kuliko punje ya mtama. Hivyo ndivyo tunavyovichuma, kimoja kimoja, tukavichoma moto. Hakuna mtaalamu aliyetuamuru. Sisi ni wakulima. Mahindi yakiingiwa na manjano ni ugonjwa, mgomba ukiingiwa na manjano ni ugonjwa. Bibi zetu waliyaona manjano juu ya watu wao na mikono ikafanya inachokijua. Baadaye ikawa heshima. Baadaye ikawa kama ibada.

Nilichuchumaa mbele ya kifagio cha mama yangu, Sabra. Kilikuwa kimejaa. Manjano yamepangana juu ya vijiti kama shanga. Sikunyoosha mkono.

"Mbona huchumi?" Mama Mkubwa aliuliza. Alikuwa ameshaanza upande wa pili, vidole vyake vikienda upesi kama anayepukusa mahindi.

"Si ugonjwa, Mama Mkubwa. Yameiva."

"Yameiva? Nani kakwambia mama yako ni ndizi?"

Tuta zima likacheka. Bi Mwajuma wa tuta la juu akapaza sauti: "Mwache, Tunu! Chuo hicho! Kesho atakwambia tumchemshe na nazi!"

Nami nilicheka kidogo, maana Bi Mwajuma ni mcheshi hata ukiwa humpendi. Lakini niliona jambo moja. Mama Mkubwa hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vimesimama.

*

Kifagio cha porini ni mmea wa kawaida, unaota kwenye nyufa za majabali na kwenye mashina ya michikichi. Hauna jani. Hauna mzizi. Una vijiti juu, na chini una vijiti vingine vilivyolala udongoni, basi. Zamani wataalamu waliuita mmea wa kale, mshamba aliyesahauliwa na wakati, ambaye hajawahi kujua jani ni nini. Baadaye wakaupima damu, kama tunavyosema sisi, wakakuta ni ndugu wa kangaga. Wazee wake walikuwa na majani. Walikuwa na mizizi. Waliviacha. Mwalimu wetu alipenda kusema kwamba huyu si maskini aliyekosa nguo, ni mtu aliyevua kwa hiari yake kwa kuwa amepata wa kumvisha.

Wa kumvisha ni kuvu. Vumbi la uzazi la kifagio huanguka kwenye ufa, likazama gizani, likaota kitu kidogo cha hudhurungi mfano wa kipande cha tangawizi. Kitu hicho hakina ukijani hata chembe. Hakijui jua. Kinakaa chini miaka, kikilishwa na nyuzi za kuvu, kinakula na hakilipi. Halafu siku moja kikishakamilika, kinazaa kifagio cha kijani kinachotoka juu kwenye mwanga, na hicho ndicho kinacholipa. Kinatengeneza sukari kwa jua na kuishusha kwenye zile zile nyuzi, zikawalishe wengine walio bado gizani.

Waliobuni ulazwaji waliufuata mmea huu hatua kwa hatua. Katika miaka ya vumbi jekundu watu wetu walipokohoa damu, walishushwa udongoni na kuunganishwa na kuvu, walale bila kula wala kuzeeka, nyuzi zikiwashona mapafu taratibu. Mlazwa angepona, kifagio chake kingezaa manjano, manjano yangepasuka na kumwaga vumbi, na hapo nyuzi zingemwachia aamke. Ndivyo ilivyopangwa. Kisha wabunifu wenyewe wakafa kwa vumbi lile lile. Waliobaki Kwasunga walikuwa na walazwa, walikuwa na vifagio, na hawakuwa na maelezo.

Kwa hiyo hajaamka mtu. Hata mmoja. Kila Ijumaa tunachuma kuamka kwao na kukutia motoni, kisha tunarudi nyumbani kusema Mungu ndiye anayejua.

Nilikuwa nimelijua hilo nikiwa bado darasani. Nisichokijua ni kwa nini kifagio cha mama, pamoja na manjano yote yale, kilikuwa kimeanza kuwa kahawia chini.

Pembeni yake, hatua chache tu, ndipo alipo Mbwana, mtoto pekee wa Mama Mkubwa. Mbwana hakulazwa kwa vumbi. Alizaliwa na tundu kwenye moyo, na alipofika miaka kumi na mitano midomo ikawa ya buluu, mama yake akamshusha ili kifo kimkose. Alikuwa kaka yangu. Ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili. Sasa nimemzidi umri. Kifagio chake hakijawahi kutoa kifuko hata kimoja, na kilikuwa kinene na kibichi kuliko vyote Kwasunga. Watu walisema ni kwa sababu mama yake anampenda.

Chuoni tulipewa rangi ya kupimia ambayo haionekani ila kwa taa ya zambarau. Niliichanganya na maji ya sukari nikaipaka kwenye vijiti vya mama. Juma lililofuata nilirudi, nikajifunika kanga mbili pamoja na vifagio vyote viwili ili nipate giza mchana, nikawasha taa.

Kwa mama kulikuwa na mng'ao hafifu, kama vidole vya mtu aliyegusa kimulimuli. Mbwana aliwaka. Aliwaka kutoka kwenye ufa mpaka kwenye ncha, kila tagaa, kila tagaa la tagaa.

Nilipaka upande wa pili, kwa Mbwana, nikasubiri tena. Hakikurudi kitu. Hata chembe.

Mama yangu alikuwa amepona zamani. Na kwa kuwa amepona hakuruhusiwa kuamka, na kwa kuwa hakuruhusiwa kuamka alikuwa analipa, na aliyekuwa akipokea malipo hayo hatapona kamwe, kwa sababu kuvu linashona pafu lakini haliwezi kuziba tundu la moyo. Nilipima ukahawia ule kwa vidole. Kiangazi kinachokuja kingemkuta mkavu.

*

Nilimkuta Mama Mkubwa jikoni anamenya magimbi. Nilimwambia yote. Hakuinua uso. Alimaliza gimbi, akalitia kwenye maji, akachukua lingine.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Ulikuwa unajua."

"Kaa kwenye kibao. Usinisimamie kichwani kama askari."

Nikakaa.

"Msimu mmoja niliumwa mgongo," alisema. "Sikushuka kuchuma. Ya Sabra yakaiva mpaka yakaanza kupasuka. Nilipokwenda, Mbwana alikuwa amenyong'onyea, vijiti vyote vimelala kama nywele. Nikayachuma yale ya Sabra upesi upesi. Kesho yake Mbwana akasimama. Hapo sikuhitaji chuo."

"Na ukanyamaza."

"Ulitaka nipige mbiu?"

"Nilitaka mama yangu!"

"Na mimi nilikuwa nani?" Sasa aliinua uso. "Nani aliyekubeba na surua? Nani aliuza mbuzi wote ukasome huko ulikokwenda kujifunza kunitukana? Sabra alikuwa mdogo wangu kabla hajawa mama yako. Tumelala mkeka mmoja, tumekula sahani moja. Anamlisha mwanangu. Mimi nimemlisha mwanawe. Sasa kinachokuwasha ni nini?"

Hilo ni neno zito, na nililisikia uzito wake. Sisemi sikulisikia.

"Wewe ulinilisha ukiwa macho," nilimwambia. "Ulijua unachokitoa. Yeye ananyonywa usingizini. Na anakufa, Mama Mkubwa. Kiangazi hiki hakivuki."

"Atavuka."

"Hatavuka. Na akifa yeye, Mbwana atakula nini?"

Kisu kilisimama juu ya gimbi. Niliona kwamba swali hilo alishajiuliza na alikuwa na jibu lake, na jibu lenyewe lilinijia kabla hajalisema. Kila tuta lina manjano.

"Utamuunganisha na wa Bi Mwajuma," nilisema. "Mumewe yuko karibu."

"Toka jikoni mwangu."

"Halafu na wa baada ya huyo."

"Nimesema toka, mwanaharamu wewe!"

Hakuwahi kuniita hivyo. Gimbi lilinipiga begani, nikatoka.

*

Nilisema mbele ya watu. Wako wanaodai nilivizia, nilifanya kwa siri kama mchawi. Waongo. Nilisimama Ijumaa iliyofuata kwenye tuta la kati, kabla mkono wa mtu haujagusa manjano, nikaeleza nilichokipima. Nikawaonyesha taa. Bwana Hoza, mwenyekiti wa walinzi wa walazwa, alijifunika kanga na kutazama kwa macho yake, akatoka jasho likimtiririka.

"Kumbe," alisema.

Bi Mwajuma alikuwa wa kwanza kuelewa. Aligeuka akakitazama kifagio cha mumewe, kikapu kikamwanguka. "Nimekuwa nikimchuma," alisema. "Yarabi, nimekuwa nikimchuma mwenyewe." Safari hiyo hakuna aliyecheka.

Mama Mkubwa alikuwa amesimama juu ya Mbwana, miguu miwili kushoto na kulia kwa kifagio, kama kuku anayelinda yai.

"Salha," Bwana Hoza aliniita kando, akashusha sauti. "Binti yangu, jambo hili ni la hekima. Tusubiri masika. Tukae, tushauriane."

"Mama yangu hana masika."

"Mtoto wa watu atakufa."

"Basi tumlishe kwa zamu," nilisema, na nilisema kwa sauti ili wote wasikie. "Manjano yako kila tuta. Nyuzi nazijua, naweza kumhamisha. Kila ukoo umwachie mtu wake alale msimu mmoja zaidi kwa ajili ya Mbwana, kisha aamke, apokee mwingine. Mama ameshalipa zaidi ya zamu yake. Nani anayefuata?"

Nilisubiri. Upepo ulikuwa unapita kwenye vifagio.

"Bi Mwajuma?"

Alitazama chini.

"Bwana Hoza? Kaka yako yuko pale, ana manjano mpaka kwenye ncha. Msimu mmoja."

"Salha, mimi ni mwenyekiti, siwezi kuanza kupendelea..."

"Nani, basi? Ninyi mnaompenda Mbwana?"

Hakuna. Tuta zima, watu wa kofia na kanga za sanduku, hapakuwa na kinywa kilichofunguka. Hata Mama Mkubwa alizungusha macho kwao mmoja mmoja, na kila alipofika, uso uligeuka. Nilimwonea huruma wakati ule. Kama wangejitokeza watu, hata mmoja, zamu ya mama ingehamia kwa huyo, nami ningechimba nyuzi na kuzihamisha kwa mikono yangu.

Kisha kila mtu akarudi kwa mlazwa wake. Hakuna aliyechuma. Waliketi kando ya manjano yao wakiyatazama yakiiva, na wakanitazama mimi kwa jicho la nyoka.

Nilifunga chandarua juu ya kifagio cha mama, nikaketi mbele yake na panga mapajani. Panga halikuwa la kupambia. Mama Mkubwa alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alikuja na matusi. Mara ya pili alikuja na chakula, ubwabwa na maharage, akauweka chini, akapiga magoti.

"Mwanangu," alisema. "Niachie miaka miwili. Nitalala mimi. Nitaingia mwanandani nimlishe mwenyewe."

Alilitumia neno langu. Lilinichoma.

"Ukishushwa leo, wewe utakuwa wa kulishwa," nilimjibu. "Mlazwa mpya hula miaka mingi kabla hajalipa. Mtakuwa wawili mnaomnyonya mmoja."

"Kwa hiyo hakuna njia."

"Ilikuwepo. Umewaona walivyonyamaza."

"Wewe ndiye uliyeketi hapa na panga," alisema. "Si wao."

Alikuwa anasema kweli. Sikula ule ubwabwa.

*

Manjano yalipasuka asubuhi moja ya ukungu. Vyumba vitatu vilifunguka, vumbi likatoka laini kama unga wa mhogo, likaning'inia hewani kisha likapotea kwenye nyufa. Chini yangu jiwe lilitoa sauti ya kitambaa kinachochanika polepole. Zilikuwa ni nyuzi zinaachia.

Sikugeuka kumtazama Mbwana. Nilikuwa nafukua. Lakini nilisikia Mama Mkubwa anavyoita, akimwita jina lake la utotoni, tena na tena, na nilijua vijiti vinalala.

Mama yangu alitoka mwepesi kama kuni iliyokaa juani. Nywele zilikuwa zimemfika kiunoni, zimekamatana na udongo. Alikohoa, na nikatazama kiganja chake kwa woga wa zamani. Hakukuwa na damu. Kulikuwa na mate na vumbi la manjano. Alinitazama kwa muda, mimi mwanamke mzima wa umri wake.

"Wewe ni nani?"

"Salha."

"Mwongo," alisema, akanigusa meno ya mbele, ambayo aliniacha sina, akaanza kulia.

Mbwana tulimzika alasiri ile ile. Nilishika mpini wa jeneza pamoja na wanaume, nikasukumwa, nikashika tena, nikasukumwa mpaka nikaanguka. Waliobeba jeneza walikuwa watu wale wale walionyamaza. Juma halijaisha, mume wa Bi Mwajuma akaamka, na kaka wa Bwana Hoza, na wengine, na pale juu kukawa na ngoma na pilau. Wanaoamka wanapokewa kwa vigelegele. Mimi nikipita wanatema mate.

Siku ya kuondoa matanga, walinzi waliniita uani kwa Mama Mkubwa. Mikeka ilikuwa imetandikwa. Yeye alikuwa ameketi ukutani na kaniki, amekonda, haangalii mtu. Bwana Hoza alikohoa akasema maneno mengi kuhusu udugu na mkono usioweza kujikata. Kisha akasema watu wameafikiana kwamba nipige magoti nimwombe radhi mama yangu mkubwa, yaishe.

"Mmeafikiana nyote?" niliuliza. "Na kaka yako aliyeamka, naye kaafiki? Pilau yake ilikuwa tamu."

"Mnaona?" alisema Bwana Hoza akiwageukia watu. "Mnaona kinywa hicho?"

Ndipo mama aliposema. Alikuwa ameegemea bega la dada yake, wamefunikwa kaniki moja, na sauti yake bado ilikuwa na udongo.

"Salha. Njoo upige magoti."

Nilisogea. Sikupiga magoti.

"Mbwana nilimpokea mimi alipozaliwa," alisema. "Mikono hii. Wangeniuliza, ningekubali. Ningelala nimlishe mpaka nikauke, na nisingelalamika. Dada hakunidhulumu. Wewe ndiye umenidhulumu, umenitoa huko kwa damu ya mtoto. Mwombe radhi."

Ua mzima ukanigeukia. Mama Mkubwa aliinua macho kwa mara ya kwanza, na hayakuwa na chuki hata kidogo. Ingekuwa rahisi kama yangekuwa nayo.

"Ungekubali, mama," nilisema. "Naamini. Wewe ni mtu wa namna hiyo. Lakini hukuulizwa. Walikukatia jibu ukiwa usingizini, wakakuchuma miaka yote wakisema umelala salama. Mimi sikukuchagulia kuamka. Ulikuwa umeiva. Niliuondoa tu mkono uliokuwa unakuzuia."

"Salha!"

"Shikamoo yako nitakuamkia kila asubuhi. Mama Mkubwa nitamchotea maji mpaka nife, hata akiyamwaga. Mbwana nitamlilia kwa muda wangu, peke yangu. Radhi siombi."